Anza na Mti: Mwongozo wa Kumtambua Kiwavi na Kumlea Hadi Awe Kipepeo

Mvua za Machi zikishaingia Bunia, milimau na michungwa ya kwenye parseli huchipua majani mapya. Hazipiti siku nyingi, majani hayo yanaonekana yameliwa pembeni, na ukichungulia vizuri unamkuta mlaji mwenyewe: kiwavi. Wengi humtupa chini na kumkanyaga. Mwongozo huu unakuomba umwangalie kwanza. Ukijua yuko juu ya mmea gani na ana umbo gani, utajua pia kama ni wa kuua, wa kuacha alipo, au wa kulea ndani ya ndoo mpaka aruke.

Huhitaji kwenda porini. Kwa hali ya usalama ya Ituri, hilo si jambo dogo. Yote yaliyoelezwa hapa yanafanyika nyuma ya nyumba, kwenye ua wa shule au wa kanisa, na vifaa vyake vingi tayari unavyo jikoni.

## Kwa nini ujisumbue

Kwa ajili ya shamba. Viwavi wanaoharibu chakula kweli ni wachache kuliko wanaouawa. Asiyewatofautisha hupoteza dawa na nguvu kwa wasio na hatia, huku mharibifu halisi akiendelea kula ndani ya mahindi.

Kwa ajili ya watoto. Viwavi wengine wana nywele zinazowasha na kuvimbisha ngozi, na zikiingia jichoni ni hatari. Mtoto aliyefundishwa kutazama bila kushika yuko salama kuliko aliyeambiwa tu kwamba wadudu wote ni wabaya.

Kwa ajili ya darasa. Mzunguko wa maisha ya mdudu huchorwa ubaoni kwa mishale minne, wanafunzi wakaukariri. Ndoo moja yenye kiwavi wa mlimau inawaonyesha mzunguko huo wote ndani ya wiki sita hadi nane, bila umeme na karibu bila gharama.

## Maisha manne ya mdudu mmoja

Kabla ya kushika ndoo, elewa kinachotokea. Kipepeo hupitia hatua nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili.

Kazi ya kiwavi ni kula na kukua. Ngozi yake haitanuki sana, kwa hiyo ikimbana anaivua na kutoka na mpya. Aina nyingi hufanya hivyo mara nne kabla ya kuwa pupa. Pupa hali na hanywi. Ndani yake sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi inavunjwa na mwili wa kipepeo unajengwa. Kipepeo akitoka hakui tena kamwe. Anakunywa utamu wa maua kwa mrija wake, anapandana na mwenzake, na jike anatafuta mahali pa kutaga.

Hapo ndipo siri ya utambuzi ilipo. Jike hatagi popote. Anatua juu ya jani, analionja kwa miguu yake, na kama si la mmea wa aina yake anaondoka. Watoto wake wanajua kula mmea huo, au jamii yake, basi. Ndiyo maana swali la kwanza si "kiwavi huyu ana rangi gani?" bali "amekaa juu ya nini?" Rangi inaweza kubadilika anapovua ngozi. Mmea haubadiliki.

Jambo jingine la kujua mapema: si kila kiwavi atakuwa kipepeo. Katika kundi hili la wadudu, kama aina tisa kati ya kumi ni nondo, wale ambao wengi wao huruka usiku na kuzunguka taa. Nondo wengi hujichimbia udongoni au hujifungia ndani ya kifuko cha nyuzi wakati wa kuwa pupa. Pupa wa vipepeo wengi hukaa wazi, amening'inia au amefungwa kwenye kijiti kwa uzi mwembamba.

## Hatua sita za kumtambua

1. Taja mmea. Kama huujui jina, chukua jani moja umwonyeshe mama anayelima hapo au mzee wa jirani. Jina la nyumbani linatosha, liwe la Kiswahili, la Kihema au la Kilendu.

2. Hesabu miguu. Kiwavi wa kweli ana jozi tatu za miguu myembamba karibu na kichwa, kisha miguu minene ya nyama katikati na nyuma, isiyozidi jozi tano. Akiwa na jozi sita au zaidi za miguu ya nyama, huyo ni mtoto wa aina ya nyigu anayekula majani, na hatakuwa kipepeo wala nondo. Akiwa na miguu ya mbele tu na mwili mnene uliojikunja, ni buu wa mbawakawa. Asiye na miguu kabisa mara nyingi ni buu wa nzi.

3. Tazama ngozi. Je, ni laini? Ina miiba yenye matawi? Ina nywele ndefu? Ngozi laini na miiba minene ni kawaida kwa viwavi wa vipepeo. Kiwavi aliyefunikwa na manyoya marefu, karibu kila mara ni wa nondo, na ndiye wa kuogopa kushika.

4. Tazama kichwa na mkia. Tafuta alama za pekee: pembe juu ya mkia, nyuzi nyeusi zinazosimama mgongoni, mistari kichwani, madoa yanayofanana na macho.

5. Angalia anaishi vipi. Yuko peke yake au katika kundi? Juu ya jani au chini yake? Amekunja jani na kulishona, au amejificha ndani ya ganda la maharage?

6. Piga picha na uandike. Weka rula au kijiti ulichopima kando yake, umpige picha kwa simu kutoka juu na kutoka pembeni, pamoja na jani zima. Ukipata intaneti, programu ya iNaturalist inaweza kupendekeza jina kutokana na picha. Ichukue kama fununu, kisha ulinganishe na mmea. Programu ikikuambia ni kiwavi wa kabichi na wewe umemtoa kwenye mlimau, amini mlimau.

> KISANDUKU: MMEA UNASEMA NINI?
>
> Mlimau, mchungwa, mandarini. Akiwa mdogo anafanana na mavi ya ndege, kahawia na mabaka meupe. Akikua anakuwa wa kijani mwenye mikanda ya kahawia. Ni *Papilio demodocus*, kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano. Bora kwa anayeanza.
>
> Mmea wa utomvu mweupe wenye matunda yaliyojaa hewa kama puto (jamii ya *Gomphocarpus*, huota kando ya njia na mashamba yaliyoachwa). Kiwavi ana mistari myeusi, myeupe na ya njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Ni *Danaus chrysippus*, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe.
>
> Marakuja. Viwavi wenye miiba yenye matawi, mara nyingi katika makundi. Jamii ya *Acraea*.
>
> Viazi vitamu. Kundi la viwavi wadogo wenye miiba laini chini ya utando: *Acraea acerata*, mharibifu wa viazi anayejulikana Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani ni nondo *Agrius convolvuli*, ambaye huwa pupa udongoni.
>
> Kasia na miti ya jamii ya *Senna*. Kiwavi laini wa kijani mwenye mstari pembeni: *Catopsilia florella*, kipepeo mweupe au wa njano anayeruka kwa kasi.
>
> Maganda ya maharage na mbaazi. Kiwavi mfupi, bapa, anayefanana na konokono asiye na gamba: *Lampides boeticus*, kipepeo mdogo wa buluu mwenye vimkia.
>
> Mahindi. Kichwa chenye mistari inayochora herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia: kiwavijeshi vamizi, *Spodoptera frugiperda*. Ni nondo. Huyu usimlee.
>
> Kabichi. Kiwavi mdogo wa sentimita moja hivi anayerudi nyuma akijinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi akiguswa: *Plutella xylostella*. Naye ni nondo.

## Nani wa kuua, nani wa kuacha

Kiwavijeshi vamizi alitoka mabara ya Amerika, na Afrika aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2016. Leo anajulikana karibu bara zima. Ukimwona kwenye mahindi machanga, pita shambani asubuhi mapema, fungua moyo wa mhindi na umponde. Kwa viazi vitamu, wahi viwavi wakiwa bado wadogo na wamekusanyika chini ya utando: kata jani lote lenye kundi, limalize. Wakishatawanyika utawatafuta mmoja mmoja.

Kiwavi wa mlimau ni suala jingine. Mti mkubwa unaozaa hauhisi viwavi watano. Mche wa kitaluni wenye majani kumi utabaki fimbo. Kwa hiyo ukiwa na miche, ondoa viwavi na uwahamishie mti mkubwa au ndoo yako. Miti mikubwa iache.

> ONYO
>
> * Usishike kiwavi mwenye nywele, hata akiwa amekufa. Nywele zake zinaendelea kuwasha.
> * Ukiguswa, usijisugue wala kujikuna. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi na uuvute ili utoe nywele, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Nywele zikiingia jichoni, au uso ukianza kuvimba, nenda kituo cha afya mara moja.
> * Utomvu mweupe wa mmea wa *Danaus* ni sumu. Nawa mikono, usiguse macho.
> * Usile kiwavi wa kwenye ua kwa sababu tu anafanana na wale wa sokoni. Viwavi wanaoliwa hujulikana kwa mti wao, na wanaowaokota wamefundishwa na wazazi wao.
> * Unapotafuta mimea, baki kwenye njia na maeneo unayoyajua. Ukiona chuma usichokijua ndani ya nyasi, usikiguse: rudi ulikotoka na uwajulishe viongozi wa mtaa.

## Na viwavi wa sokoni?

Msomaji wa Bunia atauliza kuhusu viwavi waliokaushwa wanaotoka upande wa msitu, Mambasa na kwingineko. Wengi wao ni watoto wa nondo wakubwa wa jamii ya Saturniidae. Anayejulikana sana katika misitu ya Kongo ni *Imbrasia oyemensis*, anayekula majani ya mti wa sapelli. Nondo hawa wakishapata mabawa hawali tena: midomo yao haifanyi kazi, na siku chache zilizobaki wanaishi kwa akiba waliyoiweka walipokuwa viwavi. Ndiyo maana kiwavi mwenyewe ana mafuta na protini nyingi hivyo. Kuwalea ni vigumu kwa anayeanza, maana mti wao ni mrefu na majani yake hayapatikani mjini. Na ndani ya Hifadhi ya Okapi usichukue mdudu yeyote bila kibali.

## Vifaa vya kulelea

* Ndoo nyeupe ya plastiki ya lita 10 au boksi la karatasi lenye dirisha ulilolikata ubavuni.
* Kitambaa chepesi kinachopitisha hewa: kipande cha shela, pazia la wavu au chachi.
* Mpira au kamba ya kufungia kitambaa.
* Chupa ndogo ya maji na pamba.
* Vijiti vikavu vyenye urefu wa ndoo.
* Karatasi za kutandika chini, kama kurasa za daftari la zamani.
* Brashi laini ya rangi, au unyoya wa kuku.
* Udongo mkavu kidogo, kwa viwavi ambao huna hakika nao.

Usitumie chandarua cha mbu. Kosa hili huua viwavi. Vyandarua vinavyogawiwa katika kampeni za malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haichagui kati ya mbu na kiwavi. Hata kilichofuliwa mara nyingi bado kinaweza kuwa na dawa. Zaidi ya hayo, kazi ya chandarua ni kitandani.

## Hatua kumi za kumlea

1. Chukua kiwavi pamoja na jani lake. Usimng'oe kwa vidole: miguu yake ya nyama ina kulabu ndogo, na ukimvuta unamjeruhi. Kata kijitawi.

2. Anza na wachache. Wawili au watatu wanatosha ndoo moja. Wakibanana, ugonjwa wa mmoja ni wa wote.

3. Weka kijitawi kwenye chupa ya maji na uzibe mdomo kwa pamba. Usipoziba, kiwavi atateremka na kuzama.

4. Tandika karatasi chini, funika juu kwa kitambaa, funga.

5. Weka ndoo kivulini, penye hewa na mwanga. Jua kali litawapika. Chumba kinachopulizwa dawa ya mbu au kuchomwa dawa ya moshi kitawaua.

6. Badilisha majani kila siku au yakianza kunyauka. Yatoke kwenye mmea ule ule, usiopulizwa dawa. Usimhamishe kiwavi kwa mkono: weka tawi jipya ligusane na la zamani, ahamie mwenyewe.

7. Ondoa kinyesi kila asubuhi. Kikavu na kigumu ni dalili ya afya. Cha majimaji kwa kiwavi ambaye bado mdogo ni dalili ya ugonjwa.

8. Akiacha kula na kutulia, mwache. Anajiandaa kuvua ngozi, na anaweza kukaa hivyo siku nzima. Akivua, utaona kichwa cha zamani kimedondoka kama kofia ndogo.

9. Weka vijiti vilivyosimama au kuinama. Kiwavi aliyekomaa huacha majani, hutoa kinyesi cha majimaji mara moja, kisha huzungukazunguka akitafuta pa kujifunga. Akikosa kijiti atapanda kwenye kitambaa, nako si vibaya.

10. Pupa akishakauka, usimguse. Ondoa majani yaliyobaki, nyunyizia matone machache ya maji kwenye karatasi kila baada ya siku mbili ili hewa isikauke kupita kiasi, na ungoje.

## Kiwavi wa mlimau, hatua kwa hatua

Kama ni mara yako ya kwanza, mfuate huyu. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari na usiku wake una baridi, kwa hiyo muda unaotajwa hapa unaweza kurefuka, hasa kwenye wiki za mvua nyingi.

Yai (siku nne hadi sita hivi). Tafuta kwenye majani machanga kabisa, ncha za matawi. Ni kidonge cha mviringo, cha njano hafifu, kipana kama milimita moja, kimebandikwa kimoja kimoja. Likikaribia kuanguliwa linakuwa jeusi.

Kiwavi mdogo (wiki mbili hivi). Anakaa wazi juu ya jani bila kujificha, na hana haja ya kujificha, kwa sababu ndege anayemwona anadhani ni kinyesi cha ndege mwenzake. Mtazame kwa karibu kwa lenzi au kamera ya simu. Utaona kichwa kidogo kinachong'aa na, kila upande wake, nukta nyeusi: hayo ndiyo macho yake, yanayotofautisha mwanga na giza na si zaidi sana.

Kiwavi mkubwa (wiki moja hadi mbili). Anavua ngozi kwa mara ya nne na ghafla ni wa kijani, mnene, wa sentimita nne au tano, mwenye alama kama macho juu ya kifua kilichovimba. Macho hayo ni ya kutisha tu. Ya kweli yako chini kwenye kichwa kilichojificha. Sasa mguse taratibu mgongoni kwa unyoya. Nyuma ya kichwa itachomoka pembe laini ya rangi ya chungwa, yenye matawi mawili na unyevu, na harufu kali itajaa ndoo. Sekunde chache baadaye inarudi ndani. Haina sumu kwako, lakini sisimizi na wadudu wengine hawaipendi. Fanya hivyo mara moja tu, usimchoshe.

Pupa (wiki mbili hadi tatu). Anajifunga mkia kwenye kijiti, kisha anasuka mkanda wa uzi kuzunguka mgongo na kujiegemeza juu yake, kama fundi aliyepanda mnazi kwa kamba. Kesho yake ngozi inapasuka na pupa anabaki. Anaweza kuwa wa kijani au wa kahawia, na mara nyingi rangi hiyo inafuata mahali alipojifunga. Msemo wa "pupa amelala" usikudanganye: ukimwangalia kwa makini utamwona akitikisa tumbo anaposumbuliwa.

Kipepeo. Siku ya mwisho pupa anaonekana mweusi, na mabaka ya njano ya mabawa yanaonekana kupitia ganda. Mara nyingi hutoka asubuhi. Ganda linapasuka, anatoka akiwa na tumbo kubwa na mabawa madogo yaliyokunjamana, anapanda juu na kuning'inia. Anasukuma maji ya mwili kutoka tumboni kwenda kwenye mishipa ya mabawa, nayo yanafunguka ndani ya nusu saa hivi. Yanahitaji saa kadhaa zaidi kukauka. Matone yenye rangi yatakayodondoka kwenye karatasi si damu: ni uchafu uliojikusanya wakati wa upupa.

## Makosa ya kawaida

* Kumsaidia kipepeo kutoka. Ukipasua ganda unamtoa kabla ya wakati, na mabawa yake hayatafunguka. Mwache ahangaike.
* Kumbadilishia chakula. Kiwavi wa mlimau ukimpa lengalenga atakufa njaa juu ya jani bichi.
* Kumpa maji kwenye kisahani. Maji yote anayohitaji yako ndani ya jani.
* Kufunga chombo kwa kifuniko kisicho na hewa. Unyevu unajikusanya, ukungu unaota, viwavi wanaoza.
* Ndoo fupi mno. Kipepeo asiye na nafasi ya kuning'inia anakausha mabawa yakiwa yamekunjika, na hataruka maisha yake yote.
* Kutazama kwa mikono. Weka kanuni nyumbani: macho ya wote, mikono ya mtu mmoja.

## Mambo yakienda vibaya

Kiwavi amezungukwa na vifuko vidogo vyeupe au vya njano kama punje za mchele. Hayo si mayai yake. Nyigu mdogo alitaga ndani ya mwili wake, na watoto wa nyigu wamemla kutoka ndani. Kiwavi hataokoka. Usiviponde vifuko hivyo: vipeleke shambani, maana nyigu hao ndio wanaopunguza viwavi waharibifu bila wewe kununua dawa.

Pupa ametobolewa na nzi ametoka. Ni hadithi ile ile, safari hii kwa nzi. Ndiyo maana inafaa kuanza na yai au kiwavi mdogo sana: huyo mara nyingi bado hajafikiwa.

Kiwavi amelegea, amekuwa mweusi na anatoa maji. Ni ugonjwa. Mtoe pamoja na majani yote, mfukie, osha ndoo kwa sabuni na uianike juani kabla ya kuanza tena.

Pupa ameanguka. Funga uzi kwenye mkia wake uliochongoka na umtundike kwenye kijiti, au mlaze juu ya kitambaa kinachokwaruza karibu na ukuta wa ndoo ili akitoka apate pa kupanda.

## Kumwachilia

Mabawa yakishakauka, fungua ndoo asubuhi yenye jua, karibu na mahali ulipomchukua kiwavi. Mvua ikinyesha, mngoje siku moja. Unaweza kumwekea pamba yenye maji ya sukari nyepesi. Usimpeleke mbali ili "apate makazi mazuri". Makazi yake ni mlimau ule ule.

Kuna wanaolea vipepeo kwa kipato. Kule Gede, kwenye pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 ili wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walee viwavi na kuuza pupa kwa mabanda ya maonyesho ya ng'ambo. Unafanya kazi kwa sababu una vibali, wanunuzi na usafiri wa haraka wa ndege. Bila hayo matatu, lea kwa ajili ya kujifunza.

## Kwa mwalimu

Gawa darasa katika makundi, kila kundi ndoo moja na daftari moja. Kila siku mwanafunzi mmoja aandike: tarehe, mmea, urefu, rangi, alichokula, kilichobadilika. Kundi moja liweke ndoo sebuleni au ofisini, jingine mahali penye baridi zaidi, kisha walinganishe muda wa pupa. Hapo wanajifunza somo la sayansi lisilo kwenye kitabu: joto linaharakisha maisha ya mdudu.

Daftari hilo lina thamani kuliko linavyoonekana. Kati ya mwaka 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York walizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo wakikusanya wanyama na wadudu. Mwaka 1920 W. J. Holland alichapisha orodha ndefu ya vipepeo na nondo wao. Orodha kama hizo hujaa wadudu wenye mabawa, kwa sababu ndio wanaokamatika kwa wavu. Viwavi wa aina nyingi za Afrika ya kati bado hawajaelezwa, na wala haijaandikwa wanakula nini. Mwanafunzi aliyeandika tarehe, mmea na picha za kila hatua ameandika kitu ambacho wataalamu wanakitafuta.

> ORODHA YA KUKAGUA KABLA HUJAANZA
>
> ☐ Ninaujua mmea, na upo wa kutosha kwa mwezi mzima
> ☐ Mmea haujapulizwa dawa
> ☐ Kiwavi hana nywele ndefu
> ☐ Kitambaa si chandarua chenye dawa
> ☐ Mdomo wa chupa umezibwa kwa pamba
> ☐ Kuna vijiti, na nafasi ya kuning'inia
> ☐ Ndoo iko kivulini, mbali na sisimizi na dawa ya mbu
> ☐ Daftari na kalamu viko kando ya ndoo
> ☐ Watoto wote wamesikia kanuni ya mikono

Miezi mizuri ya kuanza ni ile ya mvua, Aprili na Mei au Septemba na Oktoba, majani machanga yakiwa mengi. Ukiwa na mlimau mmoja tu kwenye parseli, kagua ncha za matawi yake kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Kama huna, panda mbegu ya limau leo. Vipepeo watautafuta wenyewe.